Mahakama, korti au baraza: neno lipi liingie kwenye barua yako

Nina meza, kompyuta na printa katika kibanda kilicho hatua chache kutoka mahakama za Nakuru. Watu hunijia na karatasi. Wengine wanataka niwapigie chapa, wengine wanataka niwasomee kilichoandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanataka vyote viwili kwa bei ya kimoja. Juzi mzee mmoja kutoka Bahati alinipa kazi niliyodhani ni ya dakika kumi: barua ya Kiswahili kwa nduguze, kuwajulisha kwamba ugomvi wao wa shamba sasa umefika mbele ya sheria. Nikaandika, "Nimepeleka kesi kortini." Akasoma, akatikisa kichwa.

"Andika mahakama, kijana wangu. Wakiona korti watadhani nimeenda kwa chifu."

Nikamwambia, "Mzee, korti na mahakama ni kitu kimoja. Ni kama gari na motokaa."

"Gari linaweza kuvutwa na punda," akanijibu.

Alinishika pabaya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno haya, pamoja na mengine yanayozunguka jumba lile, kila yanapopita mezani pangu. Si mchezo wa kamusi tu. Kwa sheria za Kenya, lugha ya mahakama za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili, na lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kwa hiyo kuna watu wengi ambao kesi yao yote wanaisikia kupitia maneno aliyochagua mtu mwingine. Akichagua vibaya, wao ndio wanaolala na hofu.

Mahakama

Neno hili limetoka Kiarabu, mahkama, na ndani yake mna mzizi wa konsonanti tatu, h-k-m, unaobeba maana ya kuamua na kutawala. Ukoo wake umejaa tele katika Kiswahili. Hukumu ni wa ukoo huo, hakimu vilevile, na hekima pia. Mtu akilalamika kwamba hakimu fulani hana hekima, amelalamikia kitu ambacho mzizi wa neno ulimwahidi.

Ile ma- ya mwanzo ndiyo inayowapoteza watu. Si ile ya mayai na matunda. Katika Kiarabu, ma- ikitangulia mzizi huweza kutaja mahali tendo linapofanyikia. Maktaba ni ndugu ya kitabu na katibu. Madrasa ni ndugu ya darasa. Mahakama ni mahali pa kuhukumu. Hakuna "hakama" moja ambayo zikiwa nyingi zinakuwa mahakama, na anayeandika "mahakama haya yamefungwa" amedanganywa na sura ya neno. Ni mahakama hii imefungwa, mahakama hizi zimefungwa.

Kinachonipendeza katika jina hili ni kwamba halisemi lolote kuhusu jengo. Halitaji ukuta, wala kiti, wala mfalme. Linataja tendo. Akiketi chini ya mwembe mtu mwenye mamlaka ya kuamua, kwa mzizi wa neno, mwembe ule ni mahakama.

Tawi la hukumu ndilo linalonipa kazi kubwa. Kuna mama alikuja kwangu machozi yakimtoka, ana karatasi mkononi, ananiuliza watoto wake watabaki na nani. Yeye ndiye aliyekuwa amemshtaki mwenzake kwa deni la mahindi. Karani alikuwa amemwambia kwamba hukumu itasomwa tarehe fulani, na kwake yeye hukumu ni miaka jela, kwa sababu ndivyo redio inavyosema kila jioni: fulani amehukumiwa miaka mitano. Ilibidi nimkalishe, nimnunulie chai, kisha nimweleze kwamba hukumu ni uamuzi wa mwisho wa kesi, iwe ya deni, ya ajali au ya wizi. Kifungo na faini ni adhabu, na adhabu huja tu pale mtu anapopatikana na hatia ya jinai. Yeye hukumu ile ingempa pesa zake.

Kwa hiyo mahali pa kuchagua kati ya hukumu, uamuzi na adhabu, mimi hufanya hivi. Nikimwandikia mtu wa kawaida kuhusu kesi ya madai, naandika "uamuzi wa mwisho". Makarani watanicheka, kwa kuwa uamuzi kwao ni hata ule mdogo wa katikati ya safari, kama ombi la dhamana kukubaliwa au kukataliwa. Wacha wacheke. Neno "mwisho" linamwambia msomaji anachohitaji. Hukumu naiacha kwa nyaraka zinazorudi kwenye faili.

Korti

Korti ni court ya Waingereza iliyoongezewa irabu ili itamkike. Lakini hata Waingereza waliliazima. Lilitoka kwa Kifaransa cha kale, lugha iliyoingia katika sheria za Uingereza baada ya Wanormani kuishinda nchi hiyo mwaka 1066, na Kifaransa nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, cohors, yaani kiwanja kilichozungushiwa ua. Kiwanja hicho kikawa cha mfalme. Watu waliofika na malalamiko walisikilizwa humo, na jina la kiwanja likakwama kwenye kazi iliyofanyika ndani yake. Ndiyo sababu Kiingereza hadi leo hutumia neno lilo hilo kwa uwanja wa tenisi, kwa jamii ya watu wanaomzunguka mfalme na kwa nyumba ya haki.

Ukilifuata hadi shinani, basi, korti ni boma. Na hapa kwetu boma ndilo jina lililotumiwa zamani kwa makao ya serikali ya wilaya, ambako DC huyohuyo aliyekusanya kodi alikuwa pia na mamlaka ya hakimu. Sijui neno lingine linaloeleza vizuri zaidi hofu aliyokuwa nayo babu yangu akiitwa huko.

Wazo la ua halikuishia hapo. Mahali anaposimama mshtakiwa tunapaita kizimbani, na kizimba ni tundu dogo la kufungia kuku au wanyama. Mwingereza alipeleka kesi uani. Mswahili akamtengea mshtakiwa ua mdogo ndani ya ule mkubwa. Sidhani kama kuna aliyepanga.

Korti ilikuja bara na serikali ya reli. Nchi yote hii, kutoka Naivasha hadi Ziwa Victoria, ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda hadi 1902, ndipo ikahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya sasa. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu kabla, Desemba 1901. Lugha za wenyeji ziliokota neno la wageni kila moja kwa namna yake. Wakikuyu husema igooti. Huku magharibi utasikia watu wakilitamka "koti", na hapo mwandishi awe macho. Niliwahi kusoma ujumbe wa simu uliosema "usisahau koti kesho saa tatu". Mwenye simu alikuwa ameelewa kwamba kutakuwa na baridi.

Yakiwekwa bega kwa bega

Katika mazungumzo korti inashinda, tena kwa mbali. "Nimetoka kortini", "tutaonana kortini", "alinipeleka korti": hakuna anayesema haya kwa mahakama isipokuwa anataka kujisikia mzito. Vichwa vya habari navyo vinalipenda kwa sababu ni fupi. Herufi tano badala ya nane ni nafasi kubwa ukurasani. Hilo ni chaguo la mpangaji wa gazeti, halina uhusiano na maana.

Lakini jaribu kulifanya korti liseme. "Korti imeamua kwamba kifungu cha nne kinakiuka Katiba." Linaeleweka, ila linayumba kidogo, kama mtu aliyevaa ndara harusini. "Mahakama imeamua" linasimama. Kisha tazama majina rasmi: Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mihimili mitatu ya serikali ni Bunge, Serikali Kuu na Idara ya Mahakama. Hakuna Idara ya Korti.

Kwa maoni yangu tofauti hii inafuata asili zao. Korti lilizaliwa likiwa mahali, na Mkenya, bila kujua Kilatini, amelirudisha kuwa mahali: ni pale unapoenda, unaposimama, unapotoka ukiwa umechoka na njaa. Mahakama lilizaliwa likiwa tendo la kuamua, na ndilo tunalolitumia tunapotaka kutaja chombo kinachoamua. Kwa hiyo kipimo changu ni kitenzi. Sentensi ikiwa na kwenda, kufika, kungoja au kutoka, andika kortini bila aibu. Ikiwa na kuamua, kuagiza, kubatilisha au kuzuia, andika mahakama. "Mahakamani" pia ni sahihi kwa mahali, na kwenye barua rasmi ndilo salama zaidi. Ila ukilitumia kila mstari barua inakauka.

Na hofu ya yule mzee kwamba korti litachukuliwa kuwa la chifu? Nilidhani ni kichekesho mpaka nikakumbuka historia. Kwa miongo mingi nchi hii ilikuwa na ngazi mbili za haki. Kulikuwa na mahakama za wazungu na serikali, na kando yake mabaraza ya wenyeji, ambayo sheria ya 1951 iliyageuza kuwa mahakama za Waafrika. Zote ziliunganishwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967. Mtu aliyekuwa kijana kabla ya hapo aliona "korti" za aina nyingi, nyingine zikiendeshwa na wazee aliowajua kwa majina na kwa madeni yao. Masikio yake yana haki ya kusikia uzito mdogo katika neno hilo. Wanawe waliozaliwa miaka ya themanini hawausikii. Ukiandika, fikiria umri wa atakayesoma.

Baraza ndilo lililonichoma

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Kabla sijahamia Nakuru nilifanya kazi hii hii Kisumu, na mfanyabiashara wa Kondele aliniletea ilani iliyomwita mbele ya chombo kinachosikiliza ugomvi kati ya wenye majengo na wapangaji wa biashara. Kwa Kiingereza vyombo vya namna hii huitwa tribunal. Nikamwandikia kwa Kiswahili safi, nikijivuna: "Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara."

Mwananchi wa Kisumu akisikia baraza anaona viti vya plastiki, turubai, na chifu akizungumzia pombe haramu na vitambulisho. Akisikia kodi anafikiria ya serikali. Bwana yule akaelewa kwamba kuna mkutano wa hadhara kuhusu ushuru, akamtuma mdogo wake aende asikilize. Stakabadhi za pango zilibaki dukani ndani ya boksi la viatu. Alirudi kwangu baadaye, hakunipigia kelele, alinitazama tu. Niliirudisha pesa yake.

Na bado nasema baraza ni neno zuri. Pwani, Lamu na Unguja, baraza ni benchi la mawe au saruji lililojengwa mbele ya nyumba, watu wanapokaa jioni wakinywa kahawa na kujadili ya mji. Kutoka benchi likawa kikao cha watu waliokaa kwenye benchi, kisha chombo chenye mamlaka, hadi Baraza la Mawaziri. Waingereza nao walipita njia ileile: husema bench wakimaanisha majaji wenyewe, na sisi tumelichukua, "benchi la majaji watatu". Tribunal pia ni kiti: kwa Warumi lilikuwa jukwaa lililoinuliwa, walipoketi maofisa wakisikiliza mashauri. Yaani Mrumi alikaa juu ya jukwaa, Mwingereza juu ya benchi la mbao, Mswahili juu ya benchi la mawe, na wote watatu wakakipa kiti sifa ya kazi ya aliyekikalia.

Watanzania wameshika baraza kwa mikono miwili. Kwao kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mtu wa Mwanza akiitwa huko anajua abebe hati. Nikimwandikia Mtanzania situmii neno lingine. Kwa Mkenya nimehamia jopo. Asili ya jopo ni kundi la watu, halina heshima sana, lakini vyombo vya habari vimelizoesha masikio yetu kwa watu wachache waliopewa kazi ya kuchunguza au kuamua. Hasara yake ni kwamba jopo linasikika kama kitu cha muda: linateuliwa, linatoa ripoti, linavunjwa. Chombo cha kudumu kinastahili zaidi. Kwa hiyo naandika jopo, kisha naongeza nusu sentensi: "lina mamlaka ya kuamua kama mahakama, beba stakabadhi zote." Si Kiswahili cha kupendeza. Kingemwokoa bwana wa Kondele.

Dholuo, kwa hakika, kimetatua jambo hili vizuri kuliko sisi. Bura ni kikao cha kuamua, iwe cha wazee au cha serikali. Jumba lake ni od bura, na anayehukumu ni jang'ad bura, mkataji wa bura. Kukata huko tunako pia: tunakata shauri, na tusiporidhika tunakata rufaa. Wakalenjin wana kokwet, kikao cha majirani. Katika vijiji vya Waluhya, kabla hujafika popote, liguru, yaani mzee wa kijiji, atakuwa ameshasikia upande wako na wa mwenzako. Katiba, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi, mradi njia hizo zisikiuke haki za binadamu wala kuwa kinyume cha haki na maadili. Lakini ukizitaja kwa Kiswahili, ziite kwa jina lake: kikao cha wazee. Ukiandika "mahakama ya wazee" umeahidi nguvu ambayo haipo, na ukiandika "baraza" pekee unarudi kwenye viti vya plastiki.

Jaji, hakimu, kadhi

Hapa chaguo si la ladha, ni la ngazi. Kenya, jaji hukaa katika Mahakama Kuu, zile mbili zenye hadhi sawa nayo (ya ardhi na ya kazi), Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Hakimu hukaa katika mahakama za chini. Kumwita hakimu jaji ni kumpandisha cheo bure. Kumwita jaji hakimu ni kumshusha, na wakili wako atakukanyaga mguu. Ajabu ni kwamba jaji, neno la Kiingereza, ndilo limepewa kiti cha juu, na hakimu, lenye hekima ndani yake, likapewa cha chini. Mkoloni alipanga viti. Ukisimama mbele ya yeyote kati yao, "Mheshimiwa" inatosha.

Kadhi ni jambo jingine. Limetoka Kiarabu, qadi, na kadhia, yaani jambo au mzozo, ni ndugu yake. Wahispania walilichukua enzi za utawala wa Waislamu, nalo likawa alcalde, ambalo leo ni meya. Kwetu limebaki na maana yake. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Masharti yote lazima yatimie. Mjane Mwislamu ambaye shemeji zake hawataki kwenda kwa kadhi hawezi kuwalazimisha, wala wao hawawezi kumlazimisha yeye.

Kuu, Juu, Rufaa, Rufani

Fupi, kwa sababu ni suala la kukariri. Mahakama Kuu si kuu kuliko zote. Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa, ambayo hukaa pia Kisumu, na juu ya hiyo kuna Mahakama ya Juu, iliyozaliwa na Katiba ya 2010 ikiwa na majaji saba. Hiyo ndiyo iliyobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Wapo wanaoiita Mahakama ya Upeo, na kusema kweli wana hoja, kwa sababu kuu na juu hazimwambii mgeni ipi iko juu ya nyingine, ilhali baada ya upeo hakuna kingine. Mimi bado naandika Mahakama ya Juu kwa kuwa ndilo jina wasomaji wangu wamelisikia mara nyingi zaidi. Ukivuka mpaka, Watanzania husema Mahakama ya Rufani, kwa ni, nayo ndiyo ya mwisho kwao. Huko pia kuna Mahakama ya Mwanzo, jina ambalo natamani tungelikopa. Kesi yao ni shauri. Yetu ni kesi, na tukisema shauri mara nyingi tunamaanisha "shauri yako".

Nyongeza kuhusu kutajwa na kusikilizwa, kwa sababu nauli inapotea. Kesi ikisemwa "itatajwa", mara nyingi inaitwa tu ili mahakama ijue imefika wapi na kupanga tarehe. Ikisemwa "itasikilizwa", mashahidi waje. Nimeona familia nzima imetoka Molo na alfajiri, mabibi wawili na mtoto mgongoni, kwa ajili ya kutajwa kwa dakika tatu.

Madogo ya shilingi milioni

Jina ninalolipinga waziwazi ni Mahakama ya Madai Madogo. Ni tafsiri sahihi, na ni tafsiri inayofukuza wateja. Sheria yake ni ya 2016, na kiwango chake cha mwanzo kilikuwa shilingi 200,000; mwaka 2020 kikapandishwa hadi 1,000,000. Fundi wa Nakuru anayedai 600,000 za kazi aliyoimaliza haoni kama dai lake ni dogo. Akisoma jina lile anasema hapo si kwake, anaelekea kwa hakimu, ambako hata hakimu wa ngazi ya chini husikiliza madai ya hadi milioni tano na hakimu mkuu hadi milioni ishirini. Huko foleni ni ndefu. Kule kwa madogo sheria inataka kesi iishe ndani ya siku sitini, unaweza kujisimamia bila wakili, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, si kubishana upya nani alisema nini.

Basi nikiandika jina hilo, mara zote naliongezea: "Mahakama ya Madai Madogo, yasiyozidi shilingi milioni moja." Hesabu inafanya kazi ambayo kivumishi kilishindwa. Na pia naandika kisichoingia humo: kashfa, ajira, na ugomvi wa nani mwenye ardhi.

Ugomvi wa ardhi ndio ulikuwa wa mzee wangu wa Bahati. Alikuwa amesikia habari ya siku sitini, macho yakamng'aa, na ilibidi nimwambie kwamba hati ya shamba haiingii huko hata kama shamba lenyewe ni nusu ekari. Wakili wake alikuwa ameshalipeleka panapostahili. Tukarudi kwenye barua. Yeye alishikilia mahakama, mimi nikashikilia korti, na foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.

Mwishowe niliandika hivi: "Nimewasilisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nakuru. Itatajwa tarehe iliyo hapa chini. Msije na mashahidi. Tutaonana kortini."

Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akatoa noti ya mia, akaniuliza kama kwa kuwa maneno ni mawili nitamtoza mara mbili.